Upande Usioonekana

Kuna maswali ambayo mwanadamu huyajibu kwa ulimi siku moja, akayajibu tena kwa mikono siku nyingine, na majibu hayo mawili yasifanane. Mojawapo ni hili: Je, ni wajibu wa mtu kuifanya vema hata ile sehemu ya kazi yake ambayo hakuna jicho litakaloiona? Mwalimu akiuliza swali hili darasani, kila mkono utainuka, na kila ulimi utasema, "Naam, ni wajibu." Jibu la ulimi ni jepesi, kwa kuwa ulimi haushiki nyundo wala hauungui kwa moto. Jibu la mikono ndilo gumu, maana hutolewa saa ya jioni, mtu amechoka, waya umekwisha, na mnunuzi anangoja mlangoni.

Sitaki kulijadili swali hili kwa mifano ya majumba na madaraja, maana mambo makubwa hutupumbaza kwa ukubwa wake. Nataka kulijadili kwa kitu kidogo kinachoweza kukaa juu ya magoti ya mtoto: chasisi ya gari la kuchezea, iliyoundwa nyumbani. Chasisi ni mifupa ya gari. Juu yake hukaa bodi, ambayo ndiyo sura. Chini yake hukaa magurudumu, ambayo ndiyo miguu. Watu husifu sura, na hustaajabia miguu ikikimbia, lakini mifupa haisifiwi na mtu, kwa kuwa haionekani. Kwa sababu hiyohiyo chasisi ni shahidi mwema wa tabia ya aliyeiunda.

Mtoto aliyekulia katika vilima vya Machakos, kama Iveti au Mua, hahitaji kuelezwa gari la waya ni nini. Lakini kwa faida ya msomaji wa mbali nitalieleza. Mtoto huokota waya wa ua uliochakaa na spoki za baiskeli kuukuu. Hunyoosha waya kwa kuugonga juu ya jiwe bapa, akakata vipande viwili virefu vilivyo sawa, akavilaza sambamba, kisha akavikingamishia vipande vifupi mfano wa ngazi. Kila mahali waya unapokutana na waya, hufunga kiungo kwa waya mwembamba zaidi, akakikaza kwa koleo, au kwa meno asipokuwa na koleo. Ekseli mbili hupitishwa katika vitanzi vilivyopindwa kwa kazi hiyo. Magurudumu hukatwa katika raba ya kandambili zilizokwisha, au huwa ni vizibo vya chupa, au vifuniko vya makopo. Kutoka ekseli ya mbele hupanda fimbo ndefu yenye usukani wa duara kileleni, hata dereva huweza kukimbia wima nyuma ya gari lake, akilipinda kulia na kushoto apendavyo. Watoto wa Malawi nao huyaunda magari ya namna hii, na huyaita galimoto. Nadhani popote palipo na waya mkuukuu na mtoto asiye na fedha, gari la namna hii huzaliwa.

Wala waya si mgeni katika Ukamba. Kabla watoto hawajaiona motokaa, mafundi wa Kikamba walikuwa wamekwisha kusifika kwa mikufu yao myembamba ya chuma na ya shaba, iliyosukwa pete kwa pete, na kwa vigoda vya wazee vya miguu mitatu, vilivyopambwa kwa waya uliopigiliwa ndani ya mbao. Katika ufundi wa mkufu mna fundisho lililo wazi: pete mia zilizofungika vema haziwezi kuuokoa mkufu wenye pete moja iliyoachwa wazi. Nami fundisho hilo sikulipata kwa mafundi wa mikufu. Nililipata kwa njia ya aibu, na aibu hiyo nitaisimulia sasa.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi. Palikuwa na mvulana jirani yetu, rafiki yangu, ambaye hakujaliwa mikono ya ufundi lakini alikuwa na kuku tetea mchanga mwenye madoadoa. Tulipatana kwamba nitamuundia gari la waya, naye atanipa tetea wake. Nilifanya kazi siku tatu kwa furaha. Nilikuwa na sheria yangu mwenyewe, kwamba kila kiungo kifungwe mara saba na kugongwa kwa nyundo mpaka kisitikisike. Siku ya tatu, jua likiwa linatua, nilibakiwa na kiungo kimoja tu, kile kinachoshika ekseli ya nyuma upande wa kushoto. Na hapo waya mwembamba ukaniishia. Ningaliweza kungoja kesho nikatafute mwingine. Lakini rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni, na tetea alikuwa kwapani mwake. Nilifunga kiungo kile mara mbili tu kwa kipande kilichobaki. Kisha nikachukua bati la kopo la mafuta ya kupikia, nikalikata vizuri, nikalikunja juu ya chasisi yote kuwa bodi, na kiungo kikatoweka machoni. Nikamkabidhi gari nikasema, "Gari hili ni imara." Maneno hayo yalikuwa manne tu. Yote manne nayakumbuka hadi leo.

Kwa muda wa wiki moja lilikwenda vema, nami nilianza kujiambia kwamba kumbe hata kufunga mara mbili kunatosha. Siku ya nane mama yake alimtuma dukani kununua mafuta ya taa. Aliifunga chupa nyuma ya gari, maana lilikuwa na nafasi ya mzigo, akashuka nalo kilimani kwa fahari kama dereva wa lori. Katikati ya mteremko ekseli ya nyuma ilichomoka upande wa kushoto. Gari lilipinduka, chupa ikagonga jiwe, na mafuta yakanywewa na mavumbi.

Fedha ile ilikuwa ya mwisho katika nyumba ile mpaka siku ya soko. Usiku ule hapakuwa na taa, na usiku uliofuata pia. Dada yake, aliyekuwa akijitayarisha kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, alisomea mwanga wa moto wa jikoni, akiinamia mafiga huku moshi ukimtoa machozi. Rafiki yangu alipata adhabu ya uzembe. Lakini hakuna aliyenilaumu mimi. Kila mtu alisema njia ile ina mawe mengi mno. Mawe ya njia ile yalibebeshwa lawama yangu, nayo hayana ulimi wa kujitetea.

Asubuhi nilikwenda kwao na waya mpya, nikalitengeneza gari. Safari hii kiungo nilikifunga mara saba. Mama yake alipoona kwamba nimekuja bila kuitwa, wala sikudai malipo, alisema, "Mwanangu, Mungu akubariki kwa moyo wako," akanipakulia bakuli la muthokoi. Nilikula. Sijapata kula chakula kizito kama kile. Ningaliweza kunena palepale, lakini shukrani yake ilinifunga kinywa kuliko hasira ingalivyoweza kunifunga. Na huko nyumbani yule tetea wa madoadoa akakua, akaanza kutaga, na kila nilipookota yai lake nilikumbuka lilinunuliwa kwa nini.

Tulitazame jambo hili kwa makini, maana ndani yake mna mambo matatu yanayopatikana katika kila udanganyifu wa upande usioonekana. Kwanza, madhara hayakumpata aliyeyasababisha. Yalimruka, yakampata rafiki, yakamruka na huyo, yakampata dada ambaye hakuwahi hata kuligusa gari. Pili, lawama ilikwenda kwa asiyehusika: rafiki alipigwa na mawe yakatukanwa. Tatu, mimi mwenye kosa nilivuna sifa isiyokuwa yangu. Ukiwa umekosa hadharani, watu watakulaumu, na lawama hiyo ni kama dawa chungu, inakuponya. Ukiwa umekosa kwa siri, watu wataendelea kukusifu, na kila sifa itaongeza deni ambalo hakuna anayekudai ila wewe mwenyewe. Wahenga walisema aijuaye siri ya mtungi ni kata. Katika kazi ya mikono, kata ni yule aliyeitenda.

Baada ya miaka mingi niliirudia kazi ya chasisi kwa namna nyingine. Mwaka 1957 Mwingereza mmoja aitwaye Fred Francis alitoa kwa wanunuzi magari madogo ya umeme yaliyoitwa Scalextric. Magari hayo hukimbia juu ya njia yenye mfuo mwembamba katikati. Chini ya gari pana ulimi unaoingia katika mfuo ili lisipotee njia, na kando ya mfuo zimelazwa tepe mbili za madini zinazolipa umeme. Mchezaji hashiki usukani. Hushika kidude cha kuongeza na kupunguza mwendo, na ustadi wote ni kujua wakati wa kupunguza kabla ya kona. Mchezo huo ulienea sana Uingereza na Marekani katika miaka ya 1960. Wengi walinunua magari dukani, lakini wako waliokataa kununua. Walijiundia chasisi nyumbani kwa mirija ya shaba nyeupe na waya mgumu wa kinanda, wakiunganisha kwa lehemu, na hata leo wako watu wanaounda kwa mtindo ule wa kale kwa ajili ya mapenzi tu. Niliposoma habari hizo nilicheka, kwa kuwa niliona hawa ni ndugu zetu: watu wazima wa nchi za mbali waliokuwa wakifanya lile ambalo mtoto wa Machakos hulifanya kwa waya wa ua.

Mpwa wangu, kijana wa shule ya sekondari, alipokuja kwangu wakati wa likizo, tuliazimia kuunda moja. Tulichimba mfuo katika mbao, tukalaza nyuzi mbili za shaba, tukapata mota ndogo katika kichezeo kibovu, na mirija ya shaba tukainunua. Palikosekana kitu kimoja: hatukujua kulehemu. Kwa hiyo tulikwenda mjini Machakos kwa mzee mmoja fundi wa bati, aliyekuwa akitengeneza koroboi na ndoo kwa makopo matupu, naye alipasha moto chuma chake cha kulehemu juu ya jiko la makaa. Alitufundisha kwa maneno machache. Alisema, "Safisha kwanza, maana lehemu haiungi uchafu. Kisha usiyeyushe lehemu kwa chuma. Pasha moto bati lenyewe, na lehemu itakuja yenyewe." Nikaona kwamba kila koroboi aliyoimaliza aliijaza maji, akaifuta nje, akaiweka juu ya karatasi kavu, akaiacha hapo. Nikamuuliza, "Mzee, kwa nini kujisumbua hivyo? Mnunuzi haoni tundu dogo kama ncha ya sindano." Akajibu bila kuinua macho, "Mnunuzi haoni, lakini mafuta ya taa yanaona."

Turudi nyumbani. Chasisi ya gari la namna hii hujengwa juu ya kitu kilichonyooka kabisa, nasi tulitumia kipande cha kioo. Ekseli ya mbele na ya nyuma sharti ziwe sambamba, na magurudumu yote manne sharti yaguse kioo kwa wakati mmoja. Gurudumu moja likiinuka kiasi cha unene wa karatasi, gari litarukaruka. Mirija ikikaa upande, gari litavuta upande, nalo likifika kwenye kona litatoka katika mfuo. Haya yote yatafichwa na bodi. Magari mawili yanaweza kuwa na mota moja, rangi moja na sura moja, na moja lizunguke kwa utulivu na jingine liruke nje kila kona. Wala mtazamaji hawezi kutambua sababu mpaka ayageuze juu chini.

Lakini hila kubwa kuliko zote imo katika lehemu. Chuma kikiwa hakijapata moto wa kutosha, lehemu huyeyuka ikakaa juu yake kama tone la umande juu ya jani la mgimbi. Huganda hapo, nawe ukitazama unaona kiungo. Kumbe si kiungo. Ni vitu viwili vilivyolala pamoja bila kushikana. Kiungo cha namna hiyo huweza kustahimili kushikwa, kubebwa na kupakwa rangi. Hakistahimili kazi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mpwa wangu alilehemu kiungo cha nyuma, akakipuliza, akakitazama. Nami nilikitazama. Kilikuwa na rangi ya kufifia, na kingo zake zimeviringana. Sikusema neno. Naye akasema, "Mjomba, hiki kinatosha. Tukiweka bodi hakitaonekana." Moyo wangu ulishtuka, kwa kuwa maneno yale niliyajua, yalikuwa yangu, yametoka katika kinywa kingine. Ndipo nikamsimulia habari ya chupa ya mafuta ya taa, jambo ambalo sikuwa nimemsimulia mtu yeyote wa ukoo wetu. Aliposikia alinyamaza. Kisha akashika mrija akauvuta kwa vidole viwili, nao ukang'oka pasipo nguvu. Akausugua tena kwa tupa, akapasha moto upya, akaungua kidole, akarudia. Mara ya tatu lehemu ilitambaa ikaingia katikati ya mirija kama maji yanavyoingia katika udongo mkavu, na alipouvuta ulikataa.

Hapa msomaji mwenye akili anaweza kuleta hoja, nami sitamkimbia. Anaweza kusema: "Wewe ulikuwa na likizo na kipande cha kioo. Fundi maskini hana saa za kurudia kiungo mara tatu. Mnunuzi hulipa kwa kile anachokiona. Akiongeza kazi isiyoonekana bila kuongezewa bei, watoto wake watalala njaa kwa ajili ya uaminifu wake." Hoja hii ina uzito, na anayeidharau hajapata kuuza kitu alichokitengeneza. Hata hivyo naona inachanganya mambo mawili. Umaskini waweza kumlazimisha fundi kutengeneza kitu duni, na katika hilo hakuna dhambi. Gari la viungo vichache, lisilo na rangi, lililouzwa kwa bei ndogo na kuitwa kwa jina lake, ni gari la halali. Kosa langu mimi halikuwa kufunga kiungo mara mbili. Kosa lilikuwa kulifunika kwa bati na kusema ni imara. Lau ningalimwambia rafiki yangu, "Kiungo hiki bado, usikitwishe mzigo," asingalifunga chupa pale, nami ningalipata tetea wangu kwa haki, pengine siku moja baadaye. Umaskini hupunguza kile tunachoweza kutoa, lakini hautulazimishi kusema tumetoa zaidi.

Wako pia wanaozidisha upande wa pili. Nimepata kumjua mtu aliyeunda chasisi nzuri mno, akaisugua upande wa chini mpaka ikawa kama kioo, akaona doa, akaisugua tena, na miaka ikapita wala gari lake halikuzunguka hata mara moja. Huyu naye ameukosea upande usioonekana, kwa kuwa ameugeuza kuwa kioo cha kujitazamia. Basi kipimo ni kipi? Nadhani kipimo ni uzito. Tusiulize, "Je, sehemu hii itaonekana?" Tuulize, "Je, sehemu hii itabeba nini?" Isiyobeba kitu yaweza kuachwa na makwaruzo yake, wala hakuna atakayedhulumiwa. Inayobeba mzigo sharti iwe kweli, hata ikiwa imefichwa mahali ambapo hakuna taa itakayofika.

Wilaya yetu ya zamani ina ushahidi wa kutosha juu ya jambo hili. Tazama uchongaji. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga vinyago kwa Wazaramo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na aliporudi kwao alianzisha kazi ambayo baadaye imelisha maelfu ya nyumba za Wakamba na kupeleka vinyago vyao nchi nyingi za ulimwengu. Kila mchongaji anajua kwamba mti mbichi ni laini kuchonga, nao ukisuguliwa na kupakwa rangi hung'aa sawasawa na mkavu. Anajua pia kwamba ukifika katika nyumba yenye hewa kavu utapasuka. Na ufa unaoanza huweza kuzibwa kwa unga wa mbao na kufunikwa kwa rangi ya viatu. Mnunuzi atakuwa mbali sana ufa utakapofunguka, wala hatamkumbuka aliyekichonga. Lakini atalikumbuka neno moja: Wakamba. Kwa hiyo siri ya mtu mmoja huweza kugeuka sifa mbaya ya watu ambao hajapata kuwaona.

Tazama tena matuta ya vilima vyetu. Mkulima huchimba mtaro kukingama mteremko na kutupa udongo upande wa juu, na namna hiyo ya kulima hata ikaitwa fanya juu. Matuta hayo yalisaidia kuokoa nchi iliyodhaniwa imekwisha kuharibika. Kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, kilichotolewa mwaka 1994, kilieleza jinsi watu wa Machakos walivyoongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na huku mmomonyoko wa udongo ukipungua. Lakini tuta lina siri kama chasisi. Likiteremka mahali pamoja kiasi cha kiganja, jicho halitambui, maji hutambua. Mvua ya kwanza hukusanyika pale, ikapasua, na shamba linaloharibika mara nyingi si la aliyechimba bali la jirani wa chini. Mvua, mafuta ya taa na kona ya mfuo ni wakaguzi wa aina moja. Hawahongeki wala hawaulizi kitu kinafananaje. Huuliza kimeshikana au hakikushikana.

Walakini nisingependa kuwadanganya wasomaji wangu vijana kwamba anayefanya vema upande usioonekana hupata thawabu daima. Gari letu lilipokamilika tuliliweka katika mfuo, na katika mzunguko wa tatu liliruka nje likaanguka chini ya meza. Mpwa wangu aliliokota, akaligeuza juu chini, akakitazama kile kiungo cha nyuma. Kilikuwa kizima. Kosa lilikuwa katika magurudumu, ambayo tuliyakata vibaya machoni petu wenyewe, nayo tukayakata upya siku ya pili. Uaminifu haukutuahidi ushindi. Ulitupa jambo jingine lenye thamani: tulipotafuta kosa, tulijua mahali ambapo halipo. Mtu anayejidanganya katika sehemu zilizofichwa hana mahali pa kusimama siku ya mashaka, kwa kuwa kila kiungo chaweza kuwa ndicho.

Na hapa ndipo naiona faida ya kuunda kitu nyumbani, hata kama dukani kuna kizuri zaidi na pengine cha bei ndogo. Katika kazi ya nyumbani fundi, muuzaji, mnunuzi na mkaguzi ni mtu mmoja. Hakuna wa kumdanganya ila nafsi yake. Akizoea kuitendea haki nafsi hiyo, atawatendea watu wengine. Akizoea kuidanganya, ni nani atakayemwamini? Wewe mwanafunzi pengine hutashika chuma cha kulehemu maisha yako yote, lakini chasisi unayo. Jibu ulilolinakili kwa mwenzako na jibu ulilolitafuta mwenyewe hufanana katika daftari, na mwalimu huweza kuyapa alama sawa. Siku utakapoombwa kupima dawa ya mgonjwa, au kuhesabu fedha za chama, au kusema kweli mbele ya baraza, mzigo utakaa juu ya kile kilicho chini.

Nilimwambia rafiki yangu ukweli hatimaye. Ilikuwa baada ya zaidi ya miaka thelathini, nasi tumekutana katika msiba, tumekaa juu ya benchi moja. Nilimweleza kiungo kile, na mafunzo mawili ya waya badala ya saba. Alinitazama kwa mshangao, kisha akacheka. Chupa ya mafuta ya taa alikuwa ameisahau, na adhabu yake ameisahau. Alisema anakumbuka kitu kimoja tu kuhusu gari lile, kwamba lilipoharibika nilikuja asubuhi bila kuitwa nikamtengenezea, na kwamba tangu siku ile alinihesabu kuwa mtu mwema.

Basi nikafahamu kwamba kesi ile haikuwa imebaki katika kitabu cha mtu yeyote duniani. Aliyedhulumiwa alikuwa ameifuta, mawe hayakuiandika, mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Ilikuwa imebaki kwangu peke yangu. Nami tangu siku hiyo, kila mtoto anaponionyesha gari lake la waya, hulisifu kwanza kama inavyopasa; kisha namwomba ruhusa, naligeuza juu chini, na tunatazama pamoja.